Pazia la Kitenge Chekundu

Beni, 20 Februari 1965
Asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye michikichi, Ruwenzori haionekani.

Bibi Mwanvua binti Aruna,

Hunijui. Jina langu ni Anne-Marie Katungu, muuguzi katika chumba cha wanawake cha hospitali ya masista hapa Beni. Barua hii anakuletea Kasonia, dereva wa lori la viazi, ambaye anasema analijua duka lenu.

Mama yako, Mama Sikitu, yuko kwetu tangu mwisho wa mwezi wa kwanza, lori lilipopinduka katika njia ya Kamango. Najua aliwatumia salamu kwa mdomo wa huyu huyu Kasonia, lakini sidhani aliwaeleza yote. Mguu wake wa kulia uliungua na kuchanika, kutoka goti mpaka kifundo, na kidonda kinaoza. Munganga mkubwa, daktari wetu, hupita mara moja kwa mwezi. Amesema akirudi tarehe 18 Machi na kukuta nyama bado nyeusi, atakata juu ya goti.

Mguu huu unaweza kupona. Kinachotakiwa ni kuusafisha kila siku na kuondoa nyama iliyokufa kidogo kidogo. Kazi hiyo anaijua infirmier Mathe, muuguzi mwenzangu wa kiume, na hufanyika barazani, penye mwanga. Mama yako haendi barazani. Mathe akimfuata kitandani, anavuta shuka mpaka kidevuni na kugeukia ukuta.

"Mama, acha nione muguu."

"Muguu ni yangu."

"Ni yako, mais itaoza!"

"Na kuoza ni yangu."

Mimi ananiruhusu nimmwagie maji ya chumvi, lakini kukata nyama sikufundishwa. Sista mkubwa anasema mama ni mkaidi. Mathe anasema anaogopa dawa ya Wazungu. Mimi ninayempiga sindano naona anavyonyoosha mkono kabla sijamwomba. Sioni woga hapo. Naona mtu mwenye sababu asiyotaka kuisema.

Shuleni tulifundishwa kunawa mikono, kufika mapema na kutii. Kuuliza hatukufundishwa, lakini mimi nilizaliwa mwulizaji, na mama yangu kule Manguredjipa alisema maswali yatanizeesha. Basi nakuuliza: mama yako ni mtu gani anapokuwa mzima? Anapenda nini? Anacheka kwa sababu gani? Nikimjua, labda nitajua pa kuanzia.

Katungu


Butembo, 25 Februari 1965

Mademoiselle Katungu,

Nakusalimu. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuogopa. Barua ya hospitali hailetagi habari ya harusi. Tena kaka yangu Amisi aliisoma juu ya bega langu akasema: "Infirmière gani anauliza mutu anachekaka sababu gani? Huyu anatafuta habari ya Baba." Usikasirike. Tangu waasi waje na askari warudi, yeyote anayeuliza habari za mfanyabiashara tunamwangalia mara mbili. Ni Kasonia aliyeapa kwamba wewe ni mtu mwema, eti ulimfunga kidole bila kumtukana.

Mama yangu husikika kabla ya kuonekana. Ana bangili za fedha mpaka karibu na kiwiko. Anauza vitenge, na kitenge akikivaa yeye, jioni hiyo kimekwisha sokoni. Manukato anayapenda hivi kwamba Baba humwambia: "Sikitu, ukipotea nitakutafuta na pua." Anakaa barazani kutwa nzima. Na unaniambia anamjifunika mwanaume kwa woga? Mwaka jana askari mmoja alitaka kumnyang'anya mtumba, Mama akamwambia: "Wewe, mama yako alikuzaa mu kitenge yangu, tena bado hajamaliza kunilipa!" Askari alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo ninachofikiri ni kwamba amechoka na kuta nyeupe. Nampelekea chupa ya maji ya waridi, sabuni yake ya harufu, na kitenge chekundu kilichoingia juzi. Mvike hicho, mpake hayo, utamsikia.

Jambo moja nakuomba. Baba yangu, Aruna bin Mashaka, hayuko naye. Mama alituma kusema kwamba Baba amevuka Uganda na kahawa, anangoja huko mpaka njia itulie. Lakini hatujapata neno lake mwenyewe, na Amisi hawezi kungoja. Anataka kuchukua lori letu la pili ashuke mpaka Kamango kumtafuta. Kila asubuhi nagombana naye juu ya ufunguo. Kule msituni waasi hawajaisha, na askari nao hupiga kwanza na kuuliza nyuma. Muulize Mama kama ana habari mpya.

Na wewe, mtu wa Manguredjipa, umefikaje Beni? Kwenu wote wazima?

Mwanvua


Beni, 6 Machi 1965
Mvua ya usiku imekatika alfajiri. Joto tayari.

Dada Mwanvua,

Vitu vyako vimefika, na nakushukuru, lakini mama unayeniandikia mimi sijamwona. Huyu wa kwetu ni mwingine kabisa. Nakueleza nilivyoona, kwa utaratibu, labda wewe utaelewa.

Nilipofungua chupa ya maji ya waridi, alifumba macho, akavuta pumzi mara moja, kisha akairudishia kifuniko mwenyewe. "Funga. Weka mbali." Sabuni ya harufu pia ameikataa, anaoga kwa ile ya kufulia. Kitenge chekundu alikipapasa pindo mpaka pindo, akampa Tamar, mama Mprotestanti wa kitanda cha pili. Tamar amekivaa juu ya nguo ya hospitali na anajiita malkia. Mama yako ana kanga mbili nyeupe tu. Moja ikifuliwa anavaa nyingine.

Zile bangili sikuwahi kuzisikia. Siku alipofika alizivua zote, pamoja na hereni, akazifunga katika kitambaa na kunipa nimwekee kabatini. Nilidhani aliogopa wezi.

Barazani hatoki, hata wenzake wanapoota jua. Mwanaume akiingia, hata mzee anayeleta kuni, anajifunika. Na juzi jioni aliniomba nitoke nje nikaangalie kama mwezi mpya umeonekana. Nilipomwambia ndiyo, alisogeza midomo kama mtu anayehesabu, akalala.

Nilimuuliza juu ya baba yako. Alijibu: "Alishavuka." Nikasema: "Alivuka wapi, Mama?" Akasema: "Ngambo."

Je, ni desturi ya Waislamu baada ya mfungo? Ni nadhiri? Au kuna kitu kilimpata njiani, ambacho mwanamke hawezi kusema? Hilo ndilo ninaloliogopa. Nyama ya mguu bado ni nyeusi, haijawa nyekundu ya kupona. Tarehe 18 inakuja.

Katungu


Butembo, 9 Machi 1965

Katungu,

Barua yako niliisoma dukani, nimesimama, na mteja anangoja nimpimie kitambaa. Nilipofika kwenye mwezi nilikaa juu ya mitumba.

Baba yangu amekufa.

Hukujua, wala hapakuwa na namna ya kujua, maana kwenu mambo ni mengine. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi, na anahesabu kwa mwezi wa mbinguni. Tunamwita kizuka. Hajipambi. Hajitii harufu. Hatoki nje bila dharura. Mwanaume asiye wa nyumba yake hamwoni. Mama amefanya yote hayo mbele ya macho yako, na wewe ukaniandikia moja moja kwa mwandiko mzuri.

Siku ya kwanza nilikuchukia. Nilisema, huyu msichana na macho yake. Siku ya pili niliona kwamba Mama amekaa na maiti ya mume wake kifuani zaidi ya mwezi, katikati ya watu, na hakuna aliyemwambia pole. Wewe peke yako uliangalia.

Sasa sikiliza, kuhusu mguu. Nilikwenda kwa Mwalimu wetu wa madrasa, nikamuuliza kana kwamba ni habari ya jirani. Amesema kuokoa mwili ni dharura, na dharura ina ruhusa. Akiwepo mwanamke anayeweza, mwanamke amtibu. Asipokuwepo, hata mwanaume, lakini afunuliwe palipo na kidonda tu, na asitolewe nje bure. Mama anaijua sheria hii. Nadhani hakuweza kuidai, kwa sababu kuidai ni kusema Baba amekufa.

Usimwambie kwamba najua. Najua kwa nini ameficha: ni Amisi. Amisi akisikia, ataondoka saa hiyo hiyo kwenda Kamango kutafuta aliyemuua Baba, hata kama hakuna aliyemuua. Kwa hiyo mimi namficha Amisi, Mama ananificha mimi, na wewe utamficha Mama. Nisamehe. Barua yako nimeichoma. Nikitaka kulia naenda kwenye tanuri la jirani, nasema ni moshi.

Swali langu la Manguredjipa hukulijibu.

Mwanvua


Beni, 13 Machi 1965
Anga safi. Milima imeonekana yote, na theluji.

Dada Mwanvua,

Pole. Neno hili nililiandika juzi, kisha nikashindwa kuliongezea lingine. Ni mimi niliyekupa msiba wa baba yako, nikidhani nakuuliza habari ya sabuni. Najua umesema sikuwa na namna ya kujua. Lakini nitakumbuka kwamba mwenye kuuliza hubeba jibu.

Siku ile nilipopata barua yako nilimwendea Mathe. Sikumwambia kuhusu baba yako, nilisema tu kwamba kwa dini ya mama huyu, wakati huu, mwanaume hawezi kumwona mguu.

"Donc si sababu niko mubaya?"

"Hata uzuri wako haukusaidii."

Alifikiri, akikwangua kidevu. Nilidhani atakasirika, maana kazi ni yake na mimi ni mgeni. Akasema: "Basi wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa kinywa." Tukasogeza kitanda cha mama karibu na dirisha, penye mwanga. Tamar akavua kitenge chekundu, akasema malkia anakopesha vazi lake kwa siku chache, tukakitundika kwa kamba kama pazia. Mathe akakaa upande wa pili juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwetu.

"Unaona nini?" anauliza.

"Nyeusi, kando ni njano."

"Vuta na koleo. Inasikia?"

"Mama, unasikia maumivu?"

"Hapana."

"Kama hapana, imekufa. Kata. Ikianza kutoa damu nyekundu, simama, uimbe alleluia."

Nikakata. Mama Sikitu alitazama pazia muda mrefu, kisha akacheka. Ni mara ya kwanza kumsikia, na ni kweli ulivyosema, chumba kizima kiligeuka. "Ule mwanaume," alisema, "anaonaka na masikio!" Mathe akajibu toka kwenye ndoo yake: "Mama, hata bibi yangu ananiambiaka vile."

Sista mkubwa alitukuta hivyo. Aliangalia pazia, ndoo, na mimi nikiwa na mkasi. Aliuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Nikasema: kidonda. Hakupenda, lakini aliinama kuangalia, akaona tone la damu nyekundu, akaondoka zake. Tunaendelea kila asubuhi.

Sasa lililo gumu. Jana, nilipomletea sabuni isiyo na harufu niliyoinunua sokoni, mama yako alinishika mkono. "Pazia, sabuni. Nani alikuambia?"

Uliniomba nisimwambie. Niliendelea kufunga kitambaa. Nilifunga vibaya, nikafungua, nikafunga tena.

"Mwanvua anajua," alisema.

Nilikaza fundo.

"Analia wapi?"

Hapo sikuweza kuficha tena. Nikasema: "Kwenye tanuri la jirani, Mama. Anasema ni moshi."

Alifunika uso kwa kanga yake nyeupe, akalia, na Tamar akashuka kitandani kwake, akakaa naye chini ya kanga ile ile bila kuuliza. Alipomaliza, mama aliniambia nilete karatasi. Nimeandika kama alivyosema, bila kusahihisha. Yaliyo hapa chini ni maneno yake, na anataka yasomwe kwa sauti:

"Amisi, mutoto wangu. Baba yako alishakufa. Gari ilikatika frein mu muteremuko, ikakataa kusimama, ikaanguka, akafa pale pale, alikuwa amefunga Ramadani. Hakuna mutu alimuua. Batu ya Kamango balimuosha, balimusalia, balimuzika, mimi niliona. Hakuna kitu ya kwenda kutafuta. Nilificha sababu ninakujua: wewe unasikiaka nusu ya neno, unakamata ufunguo. Sasa sikia neno muzima. Mimi niko kizuka. Kizuka hapana toka mu nyumba yake. Mais nyumba yangu iko Butembo na mwili yangu iko Beni. Donc mimi nitakaa eda hapa, na wewe utaikaa kule pamoja na mimi, mu nyumba ya baba yako, mpaka itimie. Ukitoka Butembo umevunja eda yangu, na mimi nitatembea na huu muguu muoza nikutafute. Mwanvua, usilie kwa moshi ya batu. Lia kwetu. Kula muzuri, bote wawili. Ni mimi mama yenu, Sikitu."

Alipomaliza aliniuliza kama nimeandika "muguu muoza". Nikasema ndiyo. Akasema: "Nzuri. Ataogopa."

Katungu


Butembo, 17 Machi 1965

Ndugu yangu Katungu,

Nilifunga duka mchana, nikamkalisha Amisi kwenye kiti cha Baba, nikasoma kwa sauti. Nilipofika "alishakufa" alisimama. Nilipofika "unakamata ufunguo" ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwake. Sikuacha kusoma. Ndivyo Mama alivyopanga, nadhani: maneno yalimfuata mpaka mlangoni.

Alisimama pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Akapiga kelele: "Tangu lini mwanaume anakaa eda?"

"Tangu leo," nilisema.

Akatoka. Lakini hakwenda kwenye lori, alikwenda kwa Mwalimu kushtaki. Nilimfuata nimejitanda kanga. Mwalimu alisikiliza barua yote, akaomba nirudie mahali pa mguu. Kisha akasema: "Amisi, eda ya mwanaume haiko mu kitabu. Mais kumutii mama iko, tena mara nyingi."

Kaka yangu akakaa chini kwenye mkeka wa watoto wa madrasa, mtu mzima na ndevu zake, akalia kama wao.

Jana tumemsomea Baba hitima. Watu walijaa mpaka njiani, hata Wakatoliki wa jirani walileta maharagwe na kuni, na yule mwenye tanuri akaniambia alijua tangu zamani kwamba moshi wake hauumizi macho hivyo. Ufunguo umetundikwa msumarini. Kasonia ataliendesha lori letu na viazi vyake mpaka mwezi wa sita. Amisi anafagia nyumba kwa hasira. Ananiambia: "Mwandikie Mama, eda yangu inaenda muzuri."

Kesho ni 18. Sili chochote mpaka nipate neno lako.

Umeniuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniandikia. Mimi nimekuuliza moja mara mbili, nawe umeliruka mara mbili. Sitaliuliza mara ya tatu. Kizuka mmoja nimeshamjua kwa namna hii, kwa yale asiyoyasema.

Mwanvua


Beni, 18 Machi 1965
Asubuhi mawingu, mchana mvua nyepesi, kisha jua.

Ndugu yangu Mwanvua,

Kula. Mguu unabaki.

Munganga alifika, akaona kitenge chekundu katikati ya chumba, akauliza kama tumefungua théâtre ya maigizo. Mama yako alimwambia kwa utulivu kwamba anaruhusiwa kuangalia kidonda, basi, na mimi nilimfunulia hapo tu. Aliinama muda mrefu. Alibonyeza, akanusa. Kisha akauliza ni nani aliyesafisha.

"Mikono ya Katungu," Mathe alijibu nyuma ya pazia, "na masikio yangu."

Munganga alicheka. Akasema nyama ni nyekundu, tuendelee hivyo hivyo, na mwezi wa tano mama ataanza kutembea kwa fimbo. Sista mkubwa aliyekuwa nyuma yake alisema: "Pazia libaki." Tamar ameuliza ni nani atakayemlipa malkia nguo yake. Mama amemwahidi kitenge kingine siku eda itakapotimia, na siku hiyo hiyo ameniagiza nimfungulie chupa ya maji ya waridi, iko kabatini pamoja na bangili.

Alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake nikikunja vitambaa. Nilimsomea barua yako. Alicheka kwa Amisi na ufagio, akalia kwa hitima, halafu akaniomba nirudie mwisho. Nikarudia.

"Katungu. Unaulizaka kila mutu. Wewe, nani anakuulizaka?"

"Hakuna, Mama."

"Mama yako iko wapi?"

Mathe alikuwa ameondoa ndoo, pazia lilikuwa limesogezwa pembeni, sikuwa na kidonda cha kufunga. Nikamjibu. Waasi walipita Manguredjipa mwezi wa nane mwaka jana. Tangu wakati huo sijapata neno kutoka kwa mama yangu, na sijaandika. Kasonia ana mwenzake anayepeleka chumvi huko kila mwezi, nami kila mwezi nimesema nina kazi. Niliweza kuuliza kwa ajili ya mama yako kwa sababu sikuogopa jibu. La kwangu naliogopa.

Mama Sikitu hakuniambia pole, wala hakuniambia kwamba mama yangu yuko mzima. Aliuliza: "Anapendaka nini?"

Nikasema anapenda asali ya msituni, na anaimba akipepeta mchele, na viatu hataki kuvaa hata kwenda misa. Aliuliza na mengine. Nilizungumza mpaka taa ikawashwa. Kisha akasema: "Haya. Sasa unajua pa kuanzia," akanipa karatasi ile ile iliyobaki tulipoandika barua ya Amisi.

Kasonia anaondoka alfajiri. Atachukua barua mbili, hii yako na ya Manguredjipa. Ile nyingine ni fupi. Nimeanza na asali.

Katungu

Nimeifungua tena alfajiri kuongeza mstari huu wa hali ya hewa, kama ninavyofanya kila siku katika daftari langu: mvua imenyesha usiku, sikuisikia. Nililala saa nne mfululizo, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.